Zizi la Ng'ombe Wasiofanana

Katika vikao vingi vya maendeleo nilivyohudhuria, ng'ombe wa Msukuma huingia ukumbini akiwa mshitakiwa. Mashitaka yake ni yale yale: mwili mdogo, maziwa haba, idadi kubwa, malisho yaliyokwisha. Hukumu nayo huwa imeandikwa kabla shahidi wa kwanza hajasimama: aondolewe taratibu, nafasi yake ichukuliwe na ng'ombe wachache wa kisasa wenye tija. Wakili wake sijapata kumwona. Mimi ni mzaliwa wa Binza, katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi, na fani ninayoifundisha ni sayansi ya jamii, si udaktari wa mifugo. Hata hivyo naomba nisimame leo kwa niaba ya mshitakiwa huyu. Ushahidi wangu hautokani na mapenzi ya nyumbani peke yake. Unatokana na jambo dogo lisiloonekana kwa macho: namna seli za kinga za mnyama zinavyotambua kipande cha kirusi kilichojificha ndani ya seli nyingine.

Ndugu msomaji, tuanze na tatizo lenyewe. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya seli ya mnyama na kuitumia kama kiwanda chake. Kikiwa bado kinaelea katika damu, kingamwili huweza kukishika na kukizuia. Kikishaingia ndani ya seli, kingamwili haziwezi kukifuata huko, kwa kuwa utando wa seli umekwishakuwa ngao yake. Kwa nje, seli iliyoambukizwa na seli nzima hufanana. Mwili utajuaje nyumba ipi ina mwizi na ipi ina mwenyewe?

Jibu lilianza kupatikana Canberra, Australia, kati ya mwaka 1973 na 1974. Peter Doherty, daktari wa mifugo kutoka jimbo la Queensland, na Rolf Zinkernagel, daktari wa binadamu kutoka Uswisi, walikuwa wakichunguza panya wadogo wa maabara walioambukizwa kirusi kinachosababisha uvimbe katika utando wa ubongo. Walichukua seli nyeupe za damu ziitwazo seli T kutoka kwa panya walioambukizwa, wakazikutanisha na seli nyingine zilizobeba kirusi hicho. Seli T ziliziua seli za panya wa ukoo ule ule. Lakini zilipokutanishwa na seli za panya wa ukoo mwingine, zilizoambukizwa kirusi kile kile, zilipita kana kwamba hazikuona kitu. Maana yake ilikuwa nzito: seli T haimtambui mgeni peke yake. Humtambua mgeni akiwa mikononi mwa mwenyeji inayemfahamu. Kwa ugunduzi huo wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1986 Alain Townsend na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba kinachotambuliwa si kirusi kizima, bali ni vipande vifupi vya protini yake, ambavyo wanasayansi huviita peptidi. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha umbo la molekuli inayovibeba vipande hivyo: juu yake kuna mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji kumelazwa kipande kimoja. Kwa kawaida kipande hicho huwa na asidi amino nane hadi kumi tu.

Kwa hiyo kazi inakwenda hivi. Ndani ya kila seli, protini hukatwakatwa wakati wote, za mwenyeji na za mgeni pia. Baadhi ya vipande hupakiwa katika mifereji hiyo na kupelekwa juu ya uso wa seli. Ni kana kwamba kijiji kimekubaliana kila nyumba iweke mlangoni, juu ya kisahani, tonge la kila kinachopikwa ndani. Seli T hupita mlango kwa mlango ikionja. Kabla ya kuruhusiwa kupita, ilifundishwa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, na zile zilizoelekea kushambulia chakula cha nyumbani ziliondolewa hapo hapo. Ikikuta tonge la kawaida, inaendelea na safari. Ikikuta tonge geni, inaiua seli ile pamoja na kirusi kilichomo kabla hakijatoa wazao.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Visahani hivi havifanani. Jeni zinazovitengeneza, ambazo kwa kifupi huitwa MHC, ni miongoni mwa jeni zenye tofauti nyingi kuliko zote katika miili ya wanyama wenye uti wa mgongo. Ndama hurithi seti moja kwa baba na nyingine kwa mama, na kila aina ya kisahani ina umbo la mfereji wake, kwa hiyo inashika baadhi ya vipande na kuviacha vingine. Ng'ombe wawili waliosimama kwenye josho moja na kuugua ugonjwa mmoja huweza kuwa wanaonyesha vipande viwili tofauti kabisa vya adui yule yule.

Mfano ulio wazi kabisa tunao hapa hapa Afrika Mashariki, ingawa mhusika wake si kirusi. Ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio, ambao kila mfugaji wa kwetu anaujua kwa tezi zilizovimba chini ya sikio na ndama anayehema kwa shida. Vimelea vyake huingia ndani ya seli nyeupe za damu, yaani ndani ya walinzi wenyewe, na kuzifanya zigawanyike ovyo mithili ya saratani. Kwa kuwa vimejificha ndani ya seli, mwili hulazimika kuvitafuta kwa njia ile ile unayotumia kutafuta virusi: kwa visahani na seli T. Watafiti walionyesha kwamba ng'ombe wenye kisahani cha aina moja, waliyoipa jina A18, huelekeza nguvu zao kwenye protini ya kimelea iitwayo Tp1, na wale wenye aina ya A10 huzielekeza kwenye Tp2. Adui ni mmoja, lakini kila mmoja amemshika pake.

Jaribio jingine lililofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1994 lilinifundisha zaidi. Watafiti walichukua seli T kutoka kwa ndama aliyekuwa na kinga ya ndigana kali, wakazihamishia kwa ndama asiye na kinga. Ndama aliyepokea alilindwa. Lakini hawakuchagua ndama yeyote: walitumia mapacha wa kufanana. Hapakuwa na hiari. Mlinzi aliyezoea visahani vya nyumba moja, ukimpeleka katika nyumba yenye visahani vingine, hawezi kusoma kilichowekwa juu yake. Haya ndiyo waliyoyaona akina Doherty kwa panya miaka 20 kabla yake.

Fikiria basi mazizi mawili. Katika zizi la kwanza ng'ombe wote wamezaliwa na ukoo mwembamba, na visahani vyao vinafanana. Kirusi kikibadilika kidogo, herufi moja tu katika kile kipande kinachoonyeshwa, kimepata ufunguo wa milango yote. Katika zizi la pili kila ng'ombe ana visahani vyake. Mabadiliko yanayokiwezesha kirusi kumkwepa huyu hayakisaidii kitu kikifika kwa jirani yake, kwa sababu jirani anakitazama mahali pengine. Zizi la pili litapoteza ng'ombe. La kwanza linaweza kupoteza zizi.

Mjomba wangu, ambaye amefuga maisha yake yote, hajasikia habari za Canberra. Likizo moja nilimkuta Binza wakati wa kuwatoa ng'ombe zizini, na baada ya mwangaluka na habari za watoto nikamuuliza kwa nini dume anayemtegemea si yule mkubwa kuliko wote. Alinijibu, "Mpwa wangu, yule mkubwa namuuza mnadani. Huyu mama yake aliugua ndigana mwaka ule walipokufa wengi, akainuka. Damu iliyoinuka ndiyo ninayoitaka." Nikamuuliza pia kwa nini baadhi ya ng'ombe wake wanakaa kwa wakwe zake, mwendo wa siku nzima. Akacheka. "Ukiwaweka wote hapa, siku ugonjwa ukija utamkopa nani?" Sikuwa na la kumwongezea. Desturi hii ya kugawa ng'ombe kwa ndugu na marafiki ni ya zamani kwa Wasukuma, na vikaoni nimesikia ikiitwa ukaidi wa wafugaji wasiotaka kuhesabiwa.

Hapa msomaji makini ataniuliza swali, na ni swali la haki. Kama tofauti za ng'ombe wetu ni ngao, mbona hazikuwaokoa kwa sotoka? Kweli, sotoka iliposhuka kutoka Pembe ya Afrika na kuingia nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890, inakadiriwa kuwa katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki iliua ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Baada ya ng'ombe ilikuja njaa, na baada ya njaa watu waliobaki walikutana na utawala wa Wajerumani wakiwa hawana maziwa, hawana mahari, hawana cha kuuza. Kirusi cha sotoka, ambacho ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua, kilikuwa na hila mbaya: kilianza na seli za kinga zenyewe. Kwa hiyo nasema wazi kwamba tofauti si dawa. Kwa ugonjwa mpya kabisa, wenye nguvu na kasi ile, tofauti huacha masalia tu.

Kilichoimaliza sotoka ni chanjo. Huko Muguga, nchini Kenya, Mwingereza Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikikuza kirusi cha sotoka katika seli za figo za ndama, wakikihamisha kutoka chombo hadi chombo takriban mara 90, mpaka kikapoteza ukali wake bila kupoteza sura yake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na chanjo iliyompa ng'ombe kinga ya maisha. Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba sotoka imetoweka duniani, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Sisi wa Simiyu, ambao upande wetu wa mashariki ni Serengeti, tuliona faida yake hata porini. Chanjo ya ng'ombe ilipokata mnyororo wa maambukizi, nyumbu waliokuwa wakifa wangali wachanga waliongezeka kutoka kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Lakini tazama jinsi chanjo ile ilivyofanya kazi. Kilichochomwa ni kirusi kizima kilicho hai, kilichodhoofishwa. Kiliingia ndani ya seli, kikakatwa vipande, na kila ng'ombe akachagua vipande vinavyoingia katika visahani vyake. Zebu wa Binza alichukua vyake, Ankole wa Kagera vyake, Borana wa kaskazini mwa Kenya vyake. Kingamwili zikatengenezwa, seli T zikafundishwa, na wote wakapona bila kulazimishwa kufanana. Chanjo ya ndigana kali iliyoasisiwa Muguga nayo imefuata njia hiyo. Mnyama hupewa vimelea hai, kisha hukingwa papo hapo kwa dawa ya oksitetrasaiklini. Ndani yake wamechanganywa vimelea vya asili tatu, na asili mojawapo ilitoka kwa nyati wa Serengeti, majirani zetu. Chanjo nzuri, kwa hiyo, haigombani na tofauti. Huziheshimu, huzipa kila moja cha kushika, na huziongezea nguvu ambayo peke yake haina. Kwa hiyo jibu la sotoka linatuambia kwamba zizi linahitaji vyote viwili, tofauti na chanjo, na kwamba kimoja hakiwezi kukaa badala ya kingine.

Sasa turudi kwenye hukumu ya vikaoni. Ng'ombe wa kisasa anayetajwa zaidi ni Holstein, yule mweusi na mweupe. Sina ugomvi naye. Watoto wengi wanakunywa maziwa kwa sababu yake. Lakini upimaji wa kromosomu za kiume uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu madume wote wa Holstein wanaotumika huko kwa uhimilishaji wanatokana, kwa ukoo wa kiume, na madume wawili tu waliozaliwa katika miaka ya 1960. Wawili! Wenyewe Wamarekani wameanza kuhangaika kutafuta damu iliyopotea. Na ng'ombe huyo analindwa na banda safi, daktari aliye karibu, dawa za kupe na chakula kilichopimwa. Ukimleta katika kijiji ambako josho halina dawa na daktari wa mifugo mmoja anahudumia kata kadhaa, unakuwa umemnyang'anya ngao zake zote na kumwachia ile nyembamba aliyozaliwa nayo.

Sisemi ng'ombe wetu abaki kama alivyo. Kumchanganya kwa akili kunawezekana, na nchi hii ina historia nayo: kule Mpwapwa, tangu zama za ukoloni, watafiti waliunda aina ya ng'ombe iliyobeba damu ya Zebu wa hapa, ya ng'ombe wa Bara Hindi na ya ng'ombe wa Ulaya, aitwaye Mpwapwa. Ni wafugaji wachache leo wanaoweza kukuonyesha mmoja. Tulianza safari njema, kisha tukakaa njiani. Vivyo hivyo ngitili, malisho yanayohifadhiwa kwa zamu ambayo wazee wetu waliyajua, yaliharibiwa na haraka ya miaka ya vijiji, na kuanzia mwaka 1986 mradi wa HASHI ukalazimika kuyarudisha kwa jina la sayansi. Tuna tabia ya kukitupa kitu kwanza, kisha kukitafuta kwa fedha za wafadhili.

Niruhusu, ndugu msomaji, niseme neno moja juu ya watu, kwa kuwa ukurasa huu ni wa watu. Wapo virusi vinavyojua habari ya visahani. Kirusi mmoja wa ng'ombe, wa jamii ya hepesi, huzuia vipande visipakiwe, ili mlango wa seli ubaki mtupu. Mwili haudanganyiki kirahisi. Una walinzi wengine, ziitwazo seli uaji za asili, ambao kazi yao mojawapo ni kutafuta mlango usio na kisahani. Kwao, seli isiyoonyesha kitu tayari imejitia shakani. Nikisoma hayo huwaza ofisi zetu ambazo taarifa zake za mapato na matumizi hazibandikwi popote, na sisi tunaopita mbele ya mlango mtupu tukidhani ukimya ni dalili ya afya. Nawaza pia mabaraza, vyuo vyetu vikiwemo, ambamo watu wote hutazama mahali pamoja, husifu kwa maneno yale yale, na kumwona msema tofauti kuwa ndiye ugonjwa. Baraza la namna hiyo linaweza kupendeza kwa muda mrefu, mpaka siku kosa moja litakapokuta kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama upande ule.

Lakini hoja yangu ya leo ni ng'ombe, na ina maombi matatu. La kwanza: kabla mpango wowote wa kubadilisha mifugo haujaletwa Simiyu, tuambiwe madume wake wanatoka katika koo ngapi, na si lita ngapi tu za maziwa. La pili: katika kila wilaya yahifadhiwe makundi ya ng'ombe wa asili yanayochaguliwa kwa kustahimili magonjwa, na wafugaji wa aina ya mjomba wangu waulizwe ng'ombe gani waliinuka mwaka gani, kwa kuwa kumbukumbu hiyo haimo katika daftari lolote la serikali na inazikwa pamoja nao. La tatu: chanjo zifike. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu wa sotoka ya zamani, ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030. Chanjo yake ipo. Mbuzi wa mjane wa Binza hana sababu ya kufa kwa ugonjwa ambao dunia inajua kuuzuia.

Mshitakiwa ni mdogo wa mwili, na maziwa yake ni haba. Hayo hatuyakani. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kumwondoa zizini, wenye mamlaka waulize amebeba nini katika damu yake, na kama kikipotea tutakinunua wapi.